Siku ya Kuandikishana Nyumba ya Bi Mwajuma

Nianze na mlango. Mtu mmoja pale Kivinje alinunua nyumba ya mawe kwa fedha taslimu. Akalipa mbele za watu, akapewa ufunguo, akaenda kulala na furaha yake. Asubuhi alipokuja na mkewe na vyombo akakuta ufunguo hauna kazi, kwa sababu mlango haupo. Umeng'olewa usiku pamoja na fremu yake ya nakshi, limebaki tundu ambalo ng'ombe angepita bila kuinama. Akamfuata muuzaji. Muuzaji akamjibu pasipo kupepesa macho: "Mimi nimekuuzia nyumba. Mlango ni wa babu yangu."

Mnacheka. Yule bwana hakucheka, na barazani kwa Liwali alishindwa. Mashahidi waliulizwa kama mlango ulitajwa siku ya mauzo, kila mmoja akasema hakuusikia ukitajwa.

Mimi nimefanya udalali wa nyumba na viwanja kati ya Kilwa na Lindi tangu enzi za Mwingereza hadi miguu iliponikataa. Skuli sikuingia. Chuo cha Kurani nilikaa kidogo, nikajua herufi, kisha njaa ikanitoa Milola kwetu ikanitupa kwenye mashamba ya mkonge. Herufi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma maandishi ya magunia niliyoyabeba bandarini. Nyumba ninayokaa sasa ni ya saruji na mabati, nimeijenga mwenyewe, na wajukuu zangu waliosoma ndio wanaokuja kuniuliza waweke wapi saini. Kwa hiyo nikisema sikilizeni, sikilizeni.

Kosa lenu vijana ni moja. Mkishakubaliana bei mnaona mmemaliza. Mnapiga ngoma. Wakati huo kazi haijaanza hata. Baina ya siku ya kupatana na siku ya kukabidhiwa ufunguo kuna njia ndefu, na humo njiani ndimo watu wanamolia.

Kwanza gharama. Mnunuzi anakuja na fedha ya nyumba imefungwa kwenye kitambaa, kamili kabisa, hakuna hata senti ya ziada. Hajui kwamba dalali anachukua chake. Hajui kuwa kuna ada ya Kadhi, kuna stempu za serikali, kuna ujira wa karani anayeandika. Hajui kwamba kodi ya kiwanja huenda imelala Boma miaka na miaka bila kulipwa, na Boma halimtafuti aliyeondoka, linamtafuta aliyepo. Na mashahidi nao wana matumbo. Nilimwona mnunuzi mmoja aliyepiga hesabu zote sawasawa, akasahau kwamba warithi waliotoka Sudi kuja kukiri mauzo watalala kwake na kula kwake mpaka Kadhi apate nafasi. Na Kadhi alikuwa na homa. Watu wale walikula kuku wote wa uani, mwishowe mke wa mnunuzi akauliza kama na jogoo naye yumo katika hati.

Kwa hiyo kabla hujatoa arabuni, yaani ile fedha ya kushikia bei, mkalishe dalali chini umwambie: nihesabie kila kitu mpaka nifungue mlango. Na kila kitu useme nani analipa. Akisema "tutaona mbele ya safari," ondoka.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Shomari, mtu wa Kivinje, wa mji khasa, kanzu yake haikupata kuwa na doa nikaliona. Mimi alinichukua nikiwa mtu mzima, nilikuwa nimembebea masanduku kutoka gatini. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Milola. Akasema, "Mmwera wewe una miguu mizuri. Mimi nina maneno lakini miguu imechoka. Tukichanganya tutapata mtu mmoja." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Shomari alikuwa na jambo lake moja ambalo madalali wengine walimcheka kwalo. Siku ya kuandikishana, kabla ya kwenda kwa Kadhi, alikuwa anawazungusha watu mipaka kwa miguu. Hilo kila dalali alilifanya: majirani wa pande zote nne wanasimama, wa kibla, wa suheli, wa matlai na wa magharibi, kila mmoja anakiri mpaka wake. Lakini Shomari kila alipofika kwenye pembe alisimama, akamgeukia muuzaji akamwuliza: "Hapa nini hakiuzwi?"

Madalali wengine walitangaza kinachouzwa. Yeye aliulizia kisichouzwa. Na majibu yalikuwa yanatoka, nyie! "Mnazi ule ni wa dada yangu, alipewa na mama." "Kisima ni cha mtaa, lazima watu wapite." "Mkorosho ule nazi zake…" hapana, huyo alikuwa amechanganyikiwa, watu wakamcheka. Lakini mnaelewa. Kwetu pwani aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama ardhi imeuzwa mara nyingi. Unaweza kununua kiwanja ukajikuta umenunua kivuli cha miti ya watu.

Baadaye walikuja wapimaji na minyororo yao na mawe ya mpaka ya saruji. Kazi nzuri, siwabezi. Jiwe halisahau kama jirani. Lakini sijapata kumwona mpimaji akimwuliza mtu nini hakiuzwi.

Sasa niwaeleze nyumba ya Bi Mwajuma, maana ndiyo iliyonifunza kazi kuliko nyingine zote.

Ilikuwa baada ya vita vya Hitla kwisha. Bi Mwajuma alikuwa mjane, nyumba yake ya udongo na makuti iko upande wa nyuma wa mji, uani kuna jiko, na nyuma ya jiko kipande cha bustani. Mumewe, Selemani, alikuwa ameshafariki muda, eda imekwisha zamani. Makuti yalikuwa yamechakaa, mvua inaingia, na mama hana mtu wa kumpandia paa. Binti yake wa pekee ameolewa Sudi, akamwita mama yake akakae naye. Basi nyumba ikaletwa kwetu iuzwe.

Nyumba ya urithi ina taabu zake. Haikuwa ya mama peke yake. Ana fungu lake la mjane, binti ana fungu lake, na kinachobaki ni cha ndugu wa marehemu, Mzee Bakari. Mkinunua nyumba ya urithi kwa mrithi mmoja mmenunua ugomvi. Wote lazima wakiri. Binti wa Sudi alimpa mama yake uwakala mbele ya mashahidi, hilo tulilimaliza. Mzee Bakari alikuwepo Kivinje, na alikuwa mtu wa haraka. Kila tulipokutana naye njiani alikuwa na swali lile lile: "Bado tu?"

Mnunuzi akapatikana. Hamisi wa Miteja, Mmatumbi, mkulima, mikono kama ubao. Sisi Wamwera na Wamatumbi tulikuwa tunataniana, kwa hiyo siku ya kwanza nilimwuliza kama ameleta fedha au ameleta mhogo. Akasema, "Mhogo nimekuletea wewe, maana naona mjini hawakulishi." Nikampenda. Lakini Shomari alipomwuliza kwa nini mkulima anataka nyumba mjini, utani ulikwisha. Alisema mkewe, Somoe, ameshapoteza mimba mbili zilizokomaa kule kijijini, na sasa ana ya tatu. "Nataka nikae karibu na hospitali," alisema. "Nimeuza korosho zote na mbuzi wote. Hii ikipotea tena, mzee, sijui."

Alikuja na Somoe kuiona nyumba. Tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele. Bi Mwajuma alimpokea, akampa maji, akamtandikia mkeka barazani. Nilimwona yule mama akimtazama yule binti tumbo, kisha akatazama chini. Mara mbili akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, mara mbili akaufunga. Nilidhani anaona uchungu wa kuiacha nyumba yake. Wauzaji wengi huwa hivyo. Wakapatana bei, Hamisi akatoa arabuni, tukaweka siku ya kuzunguka mipaka na kwenda kwa Kadhi.

Hapa sasa inabidi niwaeleze desturi ya watu wa bara, la sivyo mtamwona Hamisi mpumbavu, naye hakuwa mpumbavu. Kule kwao mtu akipewa ardhi anaishika kwa jembe. Akisharidhiwa, asubuhi yake anakwenda kulima hata tuta moja, ili kila apitaye ajue kuwa mahali pamepata mtu. Asipolima watu wanamwona hana nia. Hamisi ametoa arabuni, amepeana mikono na wenye nyumba, kwake yeye heshima ilimtaka apige jembe. Na kwa kuwa mkewe ni mzito na choo cha zamani kilikuwa kimejaa, akaona aanze na hicho. Achimbe choo kipya.

Siku ya kuandikishana mimi na Shomari tulifika mapema, majirani hawajakusanyika. Kwa nje tulisikia jembe. Shomari akasimama.

"Nani analima kwenye nyumba ambayo haijaandikwa?"

"Mmatumbi huyo," nikasema. "Hata kitanda hajaleta, ameanza na choo."

Tukazunguka nyuma ya jiko. Utani uliniishia hapo hapo.

Hamisi alikuwa amesimama na jembe mkononi, ameshalipiga mara chache tu, udongo umefunuka kiasi cha kiganja. Na Bi Mwajuma amekaa. Amekaa chini kabisa, juu ya ule udongo uliofunuliwa, miguu ameinyoosha mbele, kanga imeburuzika, na mikono yake miwili imeishika ardhi kwa pembeni kama mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi unaoyumba. Halii. Anamtazama tu Hamisi.

"Mama, inuka," Hamisi alikuwa anasema. "Mama, nimekukosea nini? Shikamoo, mama. Inuka basi."

"Siuzi," Bi Mwajuma akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema siuzi tena. Chukua jembe lako."

Mzee Bakari naye akawa ameingia, ameshika bakora yake, akakuta maneno hayo. "Shemeji! Una wazimu? Arabuni umepokea, sote tumekiri, leo unakaa kwenye vumbi unasema huuzi? Umepata mwenye bei kubwa, sema!"

Shomari alimfanyia Bakari ishara ya mkono anyamaze, kisha akafanya jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya kabla wala baadaye. Alichuchumaa, na kanzu yake ile, udongoni, mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mama. Akamwuliza polepole, kama alivyouliza kwenye kila pembe ya kila kiwanja:

"Mwajuma. Hapa nini hakiuzwi?"

Mama akautazama udongo aliokalia. Halafu akasema, "Mwanangu."

Hakuna aliyeelewa. Binti yake yuko Sudi, hai, mzima. Akaona hatujaelewa, akaendelea, na alivyosema ni kama mtu anayehesabu vyombo, hakupandisha sauti.

"Kabla ya huyu Zuhura wa Sudi nilizaa mtoto wa kiume. Vita vile vya kwanza, vya Wajerumani. Alilia siku mbili, akanyamaza. Selemani alitaka kumpeleka makaburini, lakini njia ile ilikuwa na askari. Wanakamata wanaume kubeba mizigo, pande zote mbili walikuwa wanakamata, na anayekamatwa harudi. Selemani akasema nikitoka na jeneza sirudi, utabaki peke yako na maziwa yanakutoka. Tukamwosha wenyewe. Tukamswalia wenyewe. Yupo hapa."

Mzee Bakari alikuwa amekasirika bado. "Kaka yangu alizika mwana asiniambie mimi? Mimi nduguye?"

Bi Mwajuma akamwinulia macho. "Wewe ulikuwa umeshachukuliwa, Bakari. Mwezi ule ule. Tulikuwa tunakusomea hitima, tukijua umekufa."

Yule mzee akaketi juu ya kinu kilichofudikizwa pale jikoni, akaiweka bakora yake chini, na tangu hapo sikumsikia akiuliza "bado tu" maisha yake yote.

Hamisi alikuwa ameshalitupa jembe mbali. Uso wake umebadilika. Alirudi nyuma hatua kwa hatua akijipangusa mikono kwenye shuka, anaipangusa na kuipangusa.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema. "Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilimwona mkeo."

"Ndiyo kwa sababu umemwona mke wangu ungeniambia! Mimi nimewazika wawili! Nimekuja huku kukimbia, unaniuzia nyumba yenye…" Hakumaliza. Akamgeukia Shomari. "Mzee, nirudishieni arabuni yangu. Sitaki. Mke wangu halali hapa hata usiku mmoja."

Hapa, vijana, ndipo dalali anapojulikana. Kwa kawaida anayejitoa mauzoni anaiacha arabuni yake, na mauzo yakivunjika dalali naye hali kitu. Shomari angeweza kumbana Hamisi: wewe ndiye unayekataa, kwa hiyo fedha imekwenda. Lakini akasema waziwazi mbele ya wote, "Kasoro imefichwa. Haikufichwa kwa ubaya, lakini imefichwa. Arabuni inarudi kamili." Mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Lakini nilimtazama mwalimu wangu, na tangu siku ile nilipofanya kazi peke yangu sikupata kuishika arabuni ya mtu aliyefichwa jambo. Ziko nyumba zilizonipita kwa sababu hiyo. Zipite.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo, Somoe akatokea. Alikuwa ameachwa barazani kwenye mkeka, na kuta za udongo hazizuii maneno. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni. Hamisi akamkimbilia.

"Usije huku! Somoe, rudi, tunaondoka."

"Nimesikia," Somoe akasema. "Nipishe."

"Nimesema rudi."

"Baba Nani, nipishe."

Alimwita hivyo, Baba Nani. Wanawake wa kwao humwita mume kwa jina la mtoto, na hawa walikuwa hawana jina la kuitana. Nadhani alikuwa akimwita hivyo wakiwa wawili, kwa utani au kwa uchungu, sijui. Hamisi akampisha.

Somoe hakuweza kuchuchumaa, kwa hiyo alisimama mbele ya Bi Mwajuma. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usisimame juani."

"Wangu wawili wamelala nyuma ya nyumba ya mkwe wangu, Miteja," Somoe akasema, na alikuwa anasema na yule mama lakini maneno anampelekea mumewe. "Tumewaacha tukaja huku. Mkwe wangu ni mzee. Akifa, nyumba ile itauzwa au itaanguka. Mimi nawaza kila siku, atakayekuja kukaa pale atajua? Au atachimba tu?"

Hamisi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kama mimi ningekuwa nimekaa pale udongoni," Somoe akasema, "ningetaka mnunuzi afanye nini?"

Hamisi akaenda mpaka pale alipolitupa jembe, akaliokota, akaliegemeza ukutani mbali kabisa. Akarudi. Akapiga magoti, akaanza kuurudisha ule udongo kwa mikono, Bi Mwajuma bado amekaa pale pale, Hamisi akawa anaujaza ukingoni mwa kanga ya mama, anausawazisha kwa kiganja kama mtu anayepaka ukuta. Alipomaliza, alimshika mama mkono akamwinua.

"Choo nitachimba kule mbuyuni," akasema. Hakuna mbuyu pale, alikuwa na maana ya ile pembe ya magharibi kwenye kisiki. Watu wakicheka kidogo kwenye mambo kama hayo si vibaya. Tulicheka.

Majirani walipofika, Bi Mwajuma naye ameshakubali tena kuuza, tukazunguka mipaka. Shomari alichukua kamba akapima mahali penyewe, mapana ya kutosha mtu mzima kukaa na mkeka wake, halafu akapima njia ya kupitia, kutoka barabarani kandokando ya ukuta wa jiko. Kaburi bila njia halina maana, haya yaandikeni vichwani. Mtu akikuachia kisima, mti au kaburi, muulize anafikaje. Nimeona kesi ndefu za watu wenye mnazi ndani ya ua ambao hawaruhusiwi kuingia kuuangua.

Kisha tukaenda kwa Kadhi, sote, hata majirani waliokuwa na shughuli zao waliziacha. Kadhi yule alikuwa mtu mkavu, miwani imefungwa uzi, hapendi hadithi. Karani akasoma: nyumba, kiwanja, mlango na fremu yake (Shomari hakukosa kuutaja mlango), minazi miwili iliyo upande wa matlai, jirani wa kibla, jirani wa suheli, wote. Alipofika kwenye maneno "isipokuwa mahali penye kaburi na njia yake," Kadhi akainua kidole.

"Subiri. Nani mwenye mahali hapo?"

"Ni kaburi, Sheikh," Shomari akasema.

"Nimesikia ni kaburi. Ardhi inayotolewa katika mauzo lazima iwe ya mtu, la sivyo kesho itakuwa ya kila mtu. Kaburi la nani? Jina."

Shomari akamtazama Bi Mwajuma. Mimi pia nilimtazama, na ndipo nilipogundua kwamba kule uani hakumtaja jina. Alisema mwanangu tu. Mtoto aliyekufa kabla ya siku ya saba, nani angemfanyia akika ya kupewa jina wakati askari wako njiani? Nilidhani hana jina.

Mzee Bakari alikohoa. "Sheikh, unaweza kuandika mtoto wa Selemani, inatosha."

"Mshamu," Bi Mwajuma akasema.

Karani akasimamisha kalamu. Bakari akageuka kabisa kwenye kiti chake, maana Mshamu lilikuwa jina la baba yake mzazi.

"Selemani alimwadhinia mwenyewe sikioni na kumpa jina," mama akasema. "Hatukupata kulitaja kwa mtu. Andika Mshamu bin Selemani."

Karani akaandika. Kalamu zile za kuchovya wino zina sauti, zinakwaruza. Kadhi akaichukua hati akasoma mwenyewe sehemu ile kwa sauti, taratibu kuliko karani alivyosoma nyingine zote, "isipokuwa mahali pa Mshamu bin Selemani, na njia ya kumfikia, kwa mama yake na kizazi chake." Hamisi akaulizwa kama amekubali. Akasema amekubali. Akatia kidole gumba kwenye wino akakibandika. Bi Mwajuma akabandika chake, na Bakari chake.

Ikabaki kulipa. Ada ya Kadhi ilikuwa ya pande mbili, nusu kwa nusu, hiyo walishakubaliana. Stempu alilipa mnunuzi. Kodi ya kiwanja ya nyuma ilikatwa kwenye bei kwa sababu ni ya wauzaji. Karani akageuza karatasi akasema kuna nyongeza: kila sharti linaloongezwa katika hati lina ada yake, nayo hulipwa na yule ambaye sharti limewekwa kwa faida yake. Akamwelekea Bi Mwajuma. Yule mama akaanza kufungua pindo la kanga yake, vidole vyake vizito, fundo halifunguki.

Hamisi akaweka fedha mezani.

"Ya Mshamu natoa mimi," akasema.